Vua Sikio, Tuone: Mwongozo kwa Mkaguzi wa Ngozi Inayozunguka Titani

Shikamoo itangulie tochi. Mtu aliyeketi mbele yako amepoteza sikio, jicho au pua. Huenda ni saratani, huenda ajali au moto, huenda alizaliwa hivyo. Sasa unataka avue kiungo cha bandia uone ngozi iliyo chini yake, na pengine hata mwenzi wake wa ndoa hajawahi kumwona bila kiungo hicho. Kwa hiyo funga mlango, vuta pazia, na waambie wale wanafunzi waliojipanga nyuma yako wasubiri nje mpaka mwenyewe aseme waingie. Kisha sema: "Mzee, naomba unisaidie kuvua sikio, tuone ngozi imeamkaje leo."

Usilivue wewe. Hata kama umevaa glavu mpya na una vyeti ukuta mzima, usilivue wewe. Yeye ndiye anayelivua kila usiku, analijua linakong'ang'ania. Kazi yako kwa dakika hiyo ni kutazama mkono wake: unasita wapi, anakunja uso lini, analivuta kwa upande upi ili kukwepa upande mwingine. Ukaguzi umeshaanza na hujagusa kitu.

Ujue pia unachokikagua, maana wako watu wenye stethoskopu wanaokitazama kile kidude cha chuma wakadhani ni hereni. Kwa karne nyingi aliyekosa pua alibandika. Tycho Brahe, mwanafalaki wa Denmark, alikatwa pua kwa upanga mwaka 1566 akiwa na miaka 20, akavaa ya bandia maisha yake yote. Inasimuliwa kwamba alitembea na kikopo cha gundi. Kaburi lake lilipofunguliwa mwaka 2010, uchunguzi wa mabaki ulionyesha pua ile ilikuwa mchanganyiko wa shaba na zinki, wala si fedha na dhahabu kama watu walivyozoea kusema. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mchongaji wa Kimarekani Anna Coleman Ladd alifungua karakana Paris na kuwatengenezea askari waliojeruhiwa vinyago vyembamba vya shaba vilivyopakwa rangi ya ngozi zao, vingi vikishikiliwa na miwani. Ilikuwa kazi ya huruma na ya ufundi mkubwa. Lakini gundi hubanduka kwa jasho, na miwani huteleza.

Mwaka 1952, mjini Lund nchini Uswidi, Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza mifupa ya sungura kwa vifaa vya titani. Alipotaka kuvitoa, vikagoma. Mfupa ulikuwa umeshikamana navyo kabisa. Mwaka 1965, Göteborg, alimwekea Gösta Larsson meno juu ya vipandikizi vya titani, na Larsson akavitumia mpaka alipofariki mwaka 2006. Mwaka 1977, katika mji huohuo, Anders Tjellström alianza kuweka skrubu za titani nyuma ya sikio ili zishikilie kifaa cha kusikia, na miaka miwili baadaye zikaanza kushikilia sikio zima la silikoni. Tangu hapo mtu anaweza kuinama afunge kamba za viatu bila sikio kuanguka.

Chini kabisa kuna skrubu fupi, milimita 3 au 4 tu, ndani ya mfupa. Juu yake kuna kishikizo, kipande cha titani kinachotoboa ngozi na kuchungulia nje, nacho hushika sikio kwa sumaku au kwa ufito na klipu. Mfupa na titani wamepatana. Ngozi ndiyo haijakubali. Jino nalo hupenya ufizi, lakini ufizi umeumbwa kulikumbatia jino na kuziba njia. Ngozi ya nyuma ya sikio haikuumbwa kukumbatia chochote. Kuna tundu ambalo halifungi maisha yote, na bakteria wanalijua. Sehemu kubwa ya kazi ya miaka inayofuata ni kulinda ukingo wa tundu hilo, na wewe ndiye mlinzi aliyeitwa.

Utakabidhiwa ngazi ya kupimia mchochota. Inaitwa ngazi ya Holgers, ilichapishwa mwaka 1988 na watafiti wa Göteborg, na bado inatumika dunia nzima. Sifuri: ngozi imetulia. Moja: wekundu kidogo. Mbili: wekundu na unyevu, mgonjwa aonwe mara nyingi zaidi. Tatu: wekundu, unyevu na nyama laini inayoota kuzunguka kishikizo, na huenda upasuaji ukahitajika. Nne: maambukizi ya wazi, kishikizo kitolewe. Ni ngazi nzuri. Ni fupi, inakaa kichwani, na muuguzi wa zamu ya usiku anaweza kuitumia bila kumwamsha profesa.

Lakini tazama jinsi inavyopanda. Ngazi ya kwanza ni wekundu, na ya pili inaanza na wekundu. Ilitungwa kwa wagonjwa ambao wengi wao wana ngozi inayoiva kama nyanya ikichokozwa. Ipeleke sasa kwa mama wa Kisumu, kwa kijana wa Kigoma, kwa Mswahili aliyehamia London na kuwekewa kipandikizi huko huko. Unatafuta wekundu, huuoni, unaandika sifuri, unampa tarehe ya kurudi baada ya miezi sita. Anarudi baada ya wiki tano akiwa na nyama iliyoota. Hapo utasikia mtu akisema hali "imebadilika ghafla". Hakuna kilichobadilika ghafla. Ngazi ya kwanza na ya pili zilipita mbele ya macho yako zikiwa zimevaa rangi ambayo hukufundishwa kuitambua.

Hili linaniuma, na sitalipamba. Ngozi nyeusi ikipata mchochota haifanyi siri. Inageuka zambarau, au kahawia iliyoiva zaidi, au kijivu cha majivu, au inabaki rangi yake lakini inang'aa na kukaza. Ishara zote zipo. Ambalo halikuwepo kwa muda mrefu ni picha zake vitabuni. Hata mizani mashuhuri ya aina za ngozi, iliyotungwa na Thomas Fitzpatrick mwaka 1975, ilianza na aina nne zote za watu weupe; za kahawia na nyeusi ziliongezwa baadaye. Mwaka 2020 mwanafunzi wa udaktari wa London, Malone Mukwende, pamoja na walimu wake wawili, walitoa kitabu cha dalili za magonjwa kwenye ngozi nyeusi na ya kahawia kwa sababu alikaa darasani akiuliza dalili hizo zinaonekanaje kwa mtu wa rangi yake. Mwanafunzi! Maprofesa walikuwepo wengi.

Basi haya ndiyo ya kufanya, na uyafanye yote.

Zima taa ya simu. Mwanga wake mkali unaomulika usoni moja kwa moja hufuta kila tofauti ya rangi na kila kivimbe, unabaki na ng'aro tupu. Msogeze mgonjwa karibu na dirisha. Kama ni lazima tochi, imulike kutoka ubavuni, upate vivuli. Kivuli ndicho kitakachokuonyesha ngozi imeinuka wapi. Halafu shusha macho yako yalingane na kishikizo, utazame kwa pembeni ngozi imefika kimo gani juu ya chuma. Kishikizo kilichokuwa kikichomoza vizuri mwezi uliopita na leo kimezama nusu kinakueleza uvimbe bila rangi yoyote. Vinyweleo navyo vina habari: ngozi iliyovimba hukaza, vitundu vyake vikapotea, ikawa laini isivyo kawaida.

Linganisha. Kama amepoteza sikio moja, Mungu amekuachia jingine. Tazama ngozi ya nyuma ya lile zima: hiyo ndiyo rangi yake, hicho ndicho kipimo chake, si picha ya kitabuni wala mgonjwa uliyemwona jana. Kama pande zote mbili zimeathirika, linganisha na shingo.

Kisha gusa. Ngoja kwanza dakika chache baada ya sikio kuvuliwa, kwa sababu silikoni hufunika joto na ngozi yoyote iliyotoka chini yake itakuwa na vuguvugu. Tumia mgongo wa vidole, huku na kule, mara mbili. Joto halina rangi. Bonyeza taratibu kuzunguka kishikizo ukitazama uso wa mgonjwa, usitazame vidole vyako. Chukua gozi kavu uiguse pembezoni mwa tundu: imetoka kavu, imetoka na maji, imetoka na usaha? Ngazi ya pili inataka unyevu, na gozi itauona hata macho yako yakishindwa. Na unuse. Ndiyo, sogea unuse. Harufu mbaya ni dalili, na kujifanya huisikii kwa ajili ya adabu ni kumnyima mgonjwa matibabu.

Haya yote yafanye kabla ya kusafisha. Nasisitiza kwa sababu mkono wa mtu msafi hauvumilii kigaga. Unakiona, unakichukua, unakifuta, na ushahidi umekwenda na pamba. Tazama kwanza, kisha safisha kwa maji ya chumvi, kisha tazama tena, maana kigaga nacho huficha nyama inayoota chini yake.

Sasa maswali, na hapa ndipo wakaguzi wengi hujikwaa. "Inauma?" Mtu aliyelelewa vizuri atakujibu, "Kidogo tu, namshukuru Mungu." Jibu hilo lina heshima zote na halina habari yoyote. Watu wetu hawapendi kumlalamikia daktari aliyewahangaikia, na wengi wanaogopa kwamba wakilalamika watanyang'anywa sikio. Mficha maradhi kifo humuumbua, tunasema, lakini mara nyingi anayefichishwa ni yule aliyeulizwa vibaya. Uliza yanayopimika: Unalalia upande gani, na tangu lini? Mto unaamka na doa? Ukichana nywele au kufunga kilemba unakwepa sehemu? Panawasha usiku? Na swali ambalo kwangu mimi linazidi yote: wiki hii kuna siku hukulivaa? Mtu anayelipenda sikio lake akikuambia ameliacha kabatini siku tatu, mpandishe ngazi moja kichwani mwako hata kabla hujamgusa.

Siko peke yangu katika kuyatetea maumivu. Mwaka 2017 watafiti wa Nijmegen, Uholanzi, walipendekeza kipimo kipya kwa vipandikizi vya kusikia kinachotoa alama tatu mbalimbali: ya mchochota, ya maumivu na ya kimo cha ngozi. Mbili kati ya tatu hizo hazihitaji kabisa mtu awe na ngozi ya rangi fulani. Kama hospitali yako inakitumia, shukuru. Kama inatumia Holgers peke yake, andika namba ya Holgers, kisha ongeza kwa mkono wako: joto, kimo, unyevu, maumivu, rangi ikilinganishwa na upande wa pili. Karatasi haitakukataza.

Tikisa kishikizo. Kwa upole, kwa vidole viwili. Kishikizo kilicholegea hukwaruza ngozi kila mtu anapotafuna au kugeuza kichwa, na hakuna krimu duniani itakayoponya ngozi inayokwaruzwa mchana kutwa. Kinakazwa kwa ufunguo wake, kazi ya dakika moja, na mchochota unaondoka wenyewe. Lakini kama ni skrubu yenyewe ndani ya mfupa inayocheza, hiyo imeachana na mfupa na haitarudiana nao. Hutokea zaidi kwa mifupa iliyopigwa mionzi ya tiba ya saratani, na kuzunguka jicho zaidi kuliko nyuma ya sikio. Usiikaze. Mpeleke kwa daktari wa upasuaji.

Kuna mambo matatu yanayojifanya mchochota na yanayowapotosha hata wazoefu.

La kwanza ni doa. Ngozi nyeusi ikishachokozwa huacha weusi wa kudumu kwa miezi mingi baada ya ugonjwa wenyewe kwisha. Mkaguzi mgeni huuona, huogopa, huandika dawa. Gusa. Kama ni tambarare, haina joto, haiumi, ni kavu, hiyo ni historia tu. Mwambie mgonjwa hivyo kwa maneno, kwa sababu naye amekuwa akijitazama kwenye kioo akiwaza.

La pili ni keloidi. Wengi wetu tunamjua shangazi aliyetoboa masikio akapata vivimbe vikubwa kuliko hereni zenyewe. Ngozi ya namna hiyo ikikatwa kuwekewa kipandikizi inaweza kufanya vilevile na kukimeza kishikizo. Keloidi ni ngumu, laini juu, inawasha, haitoki damu ukiigusa. Nyama ya ngazi ya tatu ni tepetepe, ina unyevu, na hutoka damu kwa kuguswa na gozi tu. Nyama hii huweza kuunguzwa kwa kijiti cha nitreti ya fedha. Keloidi ukiikata tu na kuiacha, huwa na tabia ya kurudi, wakati mwingine kubwa zaidi, na kwa kawaida huanziwa kwa sindano za steroidi. Ukivichanganya viwili hivi umemuongezea mtu tatizo alilokuja nalo. Muulize kabla ya kisu: kuna kovu la zamani mwilini? Nionyeshe.

La tatu sitaki ulipite haraka. Nchini Tanzania, ambako hukadiriwa kwamba mtu 1 kati ya 1,400 ana ualbino, masikio, pua na midomo ndiyo mahali jua linapopiga na saratani ya ngozi inapoanza. Mtu wa namna hiyo akiwekewa sikio la bandia, wekundu utauona bila shida yoyote, na urahisi huo ndio hatari yake. Utaona kidonda kando ya kishikizo, utaandika "mbili", utampa krimu. Atarudi nacho, utaandika "tatu", utaunguza. Kidonda kisichopona wiki baada ya wiki kwa mtu ambaye sikio lake la kwanza lilichukuliwa na saratani kikatwe kipande, kipelekwe maabara. Ndivyo kwa mtu yeyote mwenye historia hiyo, awe wa rangi gani. Ngazi ya Holgers haina namba ya saratani kurudi, na ukiisubiri ikuambie, haitakuambia.

Kuhusu dawa, nitasema machache. Mkono usikimbilie antibiotiki za kumeza kila ngozi inaponuna. Ngazi ya kwanza na ya pili kwa kawaida zinahitaji usafi, dawa ya kupaka na jicho la karibu. Ukiona usaha, chukua sampuli kabla ya kutoa kidonge. Mara nyingi ni Staphylococcus aureus, lakini chini ya silikoni penye joto na jasho fangasi nao hujenga, na fangasi hawaogopi antibiotiki hata kidogo. Anayeishi Mombasa au Dar es Salaam anavaa silikoni katika hewa ambayo hata shati la pamba hulowa kabla ya saa nne asubuhi. Kwake swali la usafi ni zito kuliko lilivyo kwa Mswidi wa Göteborg: avue usiku, kila usiku, ngozi ipumue, aoshe kishikizo kwa maji, sabuni isiyo kali na brashi laini, akaushe sikio la bandia kabla ya kulirudisha, na akipata nafasi ya faragha mchana, afute jasho. Mwonyeshe kwa vitendo, na mwonyeshe pia binti au mke atakayemsaidia, maana hakuna mtu anayeona nyuma ya sikio lake mwenyewe. Na waonye wale wenye bidii kupita kiasi, wanaosugua mpaka ngozi ikatoka damu usiku wa kuamkia kliniki ili daktari asiwaone wachafu. Wapo wengi, nao wanahitaji kusifiwa kwanza ndipo waambiwe wapunguze.

Piga picha, kwa ruhusa yake, dirisha lilelile, umbali uleule, na katika picha uingize kipande cha ngozi nzima cha kulinganishia. Picha hiyo iingie kwenye faili. Isiingie kwenye kundi la WhatsApp la darasa lenu la mwaka 2014, hata kwa nia ya kujifunza.

Ikifika ngazi ya nne, mwambie ukweli akiwa ameketi na mtu wake karibu. Kishikizo kinatoka. Mara nyingi skrubu ya ndani inaweza kubaki ikiwa mfupa haujaguswa na maambukizi, ngozi ikafunga, na baada ya kupona kishikizo kikarudishwa. Ikilazimu kutoa yote, mfupa hupona na mahali pengine pa jirani huweza kutafutwa. Katika muda huo sikio la silikoni linaweza kutengenezewa namna ya kubandikwa kwa gundi ya kitabibu, ngozi ikiwa imeruhusu, ili aende harusini, msikitini au kanisani, na kazini Jumatatu. Mpe tarehe ya kurudi iliyo karibu, na namba ya simu ambayo mtu huipokea.